Herufi 25

Jumamosi moja ya Juni 2019 Baba aliniita kutoka sebuleni kwa sauti ile aliyokuwa akiitumia tukiwa wadogo, chombo kikivunjika jikoni. "Mama, hebu njoo. Mashine imebadilisha majina."

Nilimkuta ameinamia kioo, miwani mkononi. Folda yake ilikuwa wazi. Kila faili lilikuwa limeota mkia: baada ya nukta na herufi za doc ikaja nukta nyingine, na herufi tano ambazo hazifanyi neno katika lugha yoyote ninayoijua. Faili la maisha yake, kurasa 61 alizozichapa kwa vidole viwili kwa zaidi ya miaka minne, halikufunguka. Mitihani yangu ya hisabati haikufunguka. Picha za harusi ya mdogo wangu, hesabu za kikundi chetu cha kuweka akiba, barua za msiba wa bibi, vyote hivyo hivyo. Katika kila folda kulikuwa na faili moja jipya linalosomeka, kwa Kiingereza: kazi zenu zimefungwa, ufunguo ni dola 980, mkiwahi ndani ya saa 72 mtalipa dola 490.

Chanzo kilikuwa Microsoft Office, yaani Word na wenzake. Programu yenyewe haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa katika namna tulivyoiingiza nyumbani, na namna tulivyoendelea kuifufua kila ilipokata roho. Walimu wenzangu wameniomba mara nyingi niwaeleze yaliyotupata na tulichofanya baadaye, na tangu Oktoba 2025 wanaouliza wameongezeka, maana wengi wamekutana na ujumbe kwamba toleo lao limefika mwisho. Basi nayaandika yote mahali pamoja, pamoja na mambo ya leseni ambayo yalinichukua miaka kuyaelewa.

Kompyuta tuliinunua Kariakoo Desemba 2014. Ya mezani, mtumba kutoka Ulaya, prosesa ya i5 ya kizazi cha pili, ubavuni ina stika ya Windows 7 yenye namba yake. Windows ilikuwa halali. Office haikuwemo. Fundi, kijana mstaarabu aliyeniamkia shikamoo kabla hajashika bisibisi, akaniuliza, "Nikuwekee na Office kabisa, mwalimu? Elfu kumi na tano tu." Nikakubali bila kuuliza swali hata moja. Akachomeka flashi, akazima antivairasi, akabofya hapa na pale, akanigeuzia kioo: Office 2010 Professional Plus.

Jina hilo peke yake lilitosha kunieleza, kama ningejua kulisoma. Professional Plus ya 2010 haikuwa bidhaa ya kuuzwa dukani kwa mtu wa nyumbani. Ilikuwa ya mashirika yanayonunua leseni kwa jumla, na mashirika hayo yana utaratibu wao. Mengi hayaingizi ufunguo kwenye kila kompyuta. Yanaweka seva moja ndani ya ofisi, na kompyuta zote zinaiuliza: je, mimi bado ni wa hapa? Seva ikiitikia, Office inapewa siku 180, na kila baada ya siku 7 inajaribu kuuliza tena ili hesabu ianze upya. Seva yenyewe haiidhinishi Office yoyote mpaka iwe imeombwa na kompyuta 5 au zaidi, kwa kuwa mpango mzima ulikusudiwa mahali penye kompyuta nyingi. Kraki ya fundi, yaani kijiprogramu cha kuihadaa Office, ilijifanya seva hiyo, ikakaa ndani ya kompyuta yetu wenyewe na kujibu maswali ya Office kwa uongo. Ili uongo huo ukae, ilibidi antivairasi izibwe macho kwanza. Tukaishi hivyo miaka minne na nusu.

Kila baada ya miezi kadhaa uongo ulikatika. Upau wa juu wa Word uligeuka mwekundu, na maandishi ya kusema kwamba uamilishaji, yaani kuidhinishwa kwa programu, umeshindikana. Fundi alikuja, akachukua elfu kumi, wekundu ukaondoka. Kwa kweli Word iliendelea kuandika hata ikiwa nyekundu, nami nilikuwa napuuza. Baba hakupuuza. Mtu aliyefanya kazi reli karibu miaka arobaini haendi mbele ya taa nyekundu. Alifunga daftari lake na kusubiri fundi.

Juni ile fundi hakupatikana kwenye simu. Mtoto wa kaka yangu, wakati huo kidato cha tatu, alikuwa amekuja kwetu Morogoro likizo, akamwona babu yake amekaa mbele ya kioo bila kuandika. Akatafuta kraki mtandaoni. Akafuata maelekezo: zima antivairasi, ruhusu, subiri. "Shangazi, nimeshaitengeneza," aliniambia jioni, na kweli wekundu ulikuwa umetoka. Kompyuta ililala imewashwa.

Sikumgombeza, na sitaki msomaji yeyote amlaumu. Alifanya alichomwona fundi akifanya mbele yetu sote, mara nyingi, kwa hela yetu.

Kirusi kile kinajulikana kwa jina la STOP, au Djvu, na miaka hiyo kilisambaa sana kwa njia hiyohiyo: kimefichwa ndani ya kraki na vifaa vya kuamilisha Windows na Office bure. Kikiingia kinafuta nakala ambazo Windows hujihifadhia yenyewe, kisha kinafunga mafaili moja baada ya jingine. Kwa kuwa kina haraka, hakifungi faili zima. Kinafunga kilobaiti 150 za mwanzo na kusonga mbele. Hati ya Word ya kawaida ni ndogo kuliko hapo, kwa hiyo inakwenda yote. Wimbo ni mkubwa. Nyimbo za kwaya yetu nilizokuwa nimezihifadhi, nilipouondoa ule mkia kwenye jina, zililia tena, ila zimekatwa sekunde kama kumi za mwanzo. Sauti inaingia katikati ya neno. Nilikaa nikizisikiliza zote usiku ule. Sijui nilikuwa natafuta nini.

Dola 490 wakati huo ilikuwa zaidi ya milioni moja na laki moja. Tungeweza kuichangisha kwa ndugu. Baba alikataa. "Sinunui kitu changu kwa mwizi," alisema, akaenda kulala mapema.

Niliitoa diski, nikaifunga kwenye kitambaa, nikaiweka kabatini. Ninaomba mtu akipatwa na haya afanye hivyo hivyo, asifomati kwa hasira, kwa sababu Oktoba ya mwaka uleule kampuni ya Emsisoft, pamoja na mtafiti Michael Gillespie, ilitoa programu ya bure ya kufungua aina 148 za kirusi hicho. Yetu ilikuwemo. Ilitaka kitu kimoja: jozi ya mafaili, moja zima na pacha wake aliyefungwa, ya aina moja, yenye zaidi ya kilobaiti 150. Kwa jozi hiyo iliweza kupata njia ya kufungua mafaili mengine ya aina hiyo.

Mimi nilikuwa na jozi. Mtihani wa kidato cha pili wenye michoro ya jiometri niliwahi kumtumia mwenzangu kwa barua pepe, na nakala yake nzima ilikuwa bado ipo. Ulikuwa wa aina ya docx. Jioni moja tu mitihani yangu yote ya docx ikarudi.

Faili la Baba lilikuwa doc, bila x. Mwaka 2014 fundi aliipanga Word ihifadhi kwa mtindo wa zamani wa 97 hadi 2003 ili kazi ifunguke kwenye steshenari yoyote, jambo la busara kwa wakati ule. Mimi baadaye nilibadilisha upande wangu. Wa Baba sikuugusa. Aina mbili hizo kwa ndani hazifanani: docx, iliyoanza na Office 2007, ni furushi lililobanwa lenye vipande vingi, na doc ni kitu kingine kabisa, hata herufi zake za mwanzo ni tofauti. Jozi yangu haikuweza kufungua kazi yake. Nilihitaji faili moja tu la doc, zima, kubwa, ambalo pacha wake yuko kwenye diski yetu. Nilipekua barua pepe, flashi, kompyuta ya shuleni. Baba hakuwahi kumtumia mtu faili maishani mwake. Sikulipata.

Kilichotuokoa ni karatasi. Alikuwa na tabia ya kwenda kuprinti sura kila anapoimaliza, anamtumia Baba Mdogo kule Tabora aikosoe, maana naye alikuwa reli. Baba Mdogo alikuwa na kurasa 43, zimejaa wino wa bluu pembeni. Zikaja kwa basi ndani ya bahasha ya kaki. Kurasa 18 zilizobaki Baba aliziandika upya kutoka kichwani, na anasema wazi kwamba si zilezile.

Alichapa tena akitumia LibreOffice, programu ya bure inayofanya kazi za Word na wenzake. Nataka kuizungumzia hii vizuri, kwa kuwa watu huitaja kama kitu cha kukimbilia ukikosa hela, na huko ni kuionea. Mizizi yake ni StarOffice ya Ujerumani, ambayo kampuni ya Sun iliinunua mwaka 1999 na kuufungua msimbo wake mwaka uliofuata, ikawa OpenOffice. Kampuni ya Oracle ilipoimeza Sun mwaka 2010, sehemu kubwa ya waliokuwa wakiijenga walijitenga, wakaunda The Document Foundation, na LibreOffice ikazaliwa Septemba ile. Leseni yake inakuruhusu kuitumia nyumbani, ofisini, kwenye biashara, kwenye kompyuta moja au mia. Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna uhusiano nayo wa karibu kuliko tunavyokumbuka: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, yenye menyu za Kiswahili. Nilikuwa mwanafunzi. Nakumbuka nilivyosogea karibu na kioo cha mwenzangu kuhakikisha kwamba nimesoma sawa.

Lalamiko la kila mtu ni kwamba hati ya Word ikifunguliwa kwenye LibreOffice inavurugika. Nililiamini hadi siku nilipolichunguza. Kwenye kompyuta isiyo na Windows, mtihani wangu wa kurasa nne ulikuwa wa tano, jedwali limekatika katikati. Kosa lilikuwa ni fonti. Nilikuwa nimeandika kwa Calibri, fonti ambayo wakati ule Office ilikuwa ikianza nayo tangu 2007, na kompyuta isiyo na Windows wala Office kwa kawaida haina Calibri, kwa hiyo programu inachukua nyingine yenye herufi pana zaidi. Ipo fonti ya bure iitwayo Carlito ambayo kila herufi yake ina upana uleule wa Calibri. Caladea nayo inakaa mahali pa Cambria, na zile za familia ya Liberation zinakaa mahali pa Times New Roman na Arial. Niliziweka, mtihani ukarudi kwenye kurasa nne. Mambo mengine hayakurudi. Hesabu za kikundi zenye makro, yaani amri zinazojiendesha zenyewe ndani ya faili, zilinisumbua, nikaishia kuziandika upya.

Kwa nini basi nilinunua Office? Kwa sababu ya kazi ya shule. Mitihani ya pamoja inapita kwa walimu saba au wanane, kila mmoja anarekebisha ndani ya Word na kuacha alama zake, na faili likizunguka hivyo kwenye programu mbili tofauti linachakaa njiani. Nilitaka kuwa ndani ya mzunguko ule kwa haki.

Na hapo ndipo nilipojifunza maana ya leseni. Kwanza nilipokea tangazo kwenye kundi la WhatsApp: Professional Plus ya maisha, elfu thelathini. Nilimuuliza muuzaji ni leseni ya aina gani. "Halali kabisa, mwalimu." Nikauliza tena, ya reja reja au ya shirika? Hakujibu. Mwenzangu shuleni aliinunua, ikafanya kazi kama miezi minne, kisha Office ikasema ufunguo umezuiwa. Funguo nyingi za bei hiyo ni za shirika au chuo fulani, zilizoruhusiwa kuamilisha idadi maalumu ya kompyuta, na mtu kazichomoa kuziuza. Ule wekundu unaondoka, lakini leseni si yako, na mwenyewe siku akigundua inafungwa. Kisheria pia hakuna tofauti kubwa na kraki: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta kama inavyokilinda kitabu, na aliyeuza kitu kisicho chake hawezi kukupa haki ambayo yeye hana.

Anayetaka kujua ana nini nyumbani aanzie kwenye menyu ya Faili, kisha Akaunti. Likitokea jina la Professional Plus na wewe hukupewa na mwajiri, una la kuuliza. Kwa uhakika zaidi kuna faili dogo linaloitwa ospp.vbs ndani ya folda ya Office, ambalo ukiliendesha kwenye dirisha la amri kwa kuongeza /dstatus linakutajia aina ya leseni na herufi tano za mwisho za ufunguo. Ukiona neno KMS, yaani ule utaratibu wa seva ya shirika, na hesabu ya siku zilizobaki, na wewe uko nyumbani kwako wala si kwenye mtandao wa kazini, basi kuna kitu ndani ya kompyuta hiyo kinachojifanya seva.

Desemba 2019 nilinunua Office Home & Student 2019 kwa kadi ya benki niliyoiombea ruhusa ya malipo ya mtandaoni. Bei ya Marekani ilikuwa dola 149.99, kama shilingi 345,000 kwa wakati ule. Ilihitaji Windows 10, nayo ile namba ya Windows 7 ubavuni ilikubaliwa. Nikapokea herufi 25, mafungu matano ya herufi tano tano. Niliziandika kwenye karatasi, nikaiweka kwenye bahasha ileile ya kaki iliyotoka Tabora, nikaamini kwamba hiyo karatasi ndiyo mali yangu.

Haikuwa hivyo. Tangu Office 2013 zile herufi hutumika mara moja tu: unaziingiza kwenye akaunti yako ya Microsoft, na kuanzia hapo leseni inakaa ndani ya akaunti. Karatasi inabaki kama risiti ya daladala. Mwenye akaunti ndiye mwenye Office. Mimi akaunti niliifungua haraka haraka siku ileile, nikaweka namba ya simu ya laini yangu ya pili ambayo nilikuwa siitumii sana. Tarehe 20 Januari 2020 ilikuwa mwisho wa kusajili laini kwa alama za vidole. Ile ya pili sikuisajili. Ikazimwa, nami nikasahau kwamba nimewahi kuwa nayo.

Mwaka 2022 diski ilikufa. Nikaweka mpya, nikapiga Windows mwenyewe, nikataka kurudisha Office. Nenosiri silikumbuki. Msimbo wa kurejesha unatumwa kwenye namba isiyokuwepo duniani. Herufi 25 ninazo mkononi, nikiziingiza naambiwa zimeshatumika, na ni kweli, nilizitumia mimi. Nilijaza fomu ya kurejesha akaunti, ikakataliwa. Nikaijaza tena kwa makini zaidi, nikataja vichwa vya barua pepe nilizowahi kutuma, ikakataliwa. Mara ya tatu nilikaa na Baba, tukakumbuka hata siku tuliyoifungua, ikakubaliwa. Siku hiyohiyo niliweka namba yangu ya sasa, barua pepe ya kaka kama akiba, na msimbo wa dharura niliouprinti. Ukinunua Office leo, hili lifanye kabla hujafungua hati ya kwanza.

Na masharti yasome, ni marefu lakini yasome. Home & Student ya 2019 ilikataza matumizi ya biashara na hata ya vikundi visivyo vya faida. Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama 30. Kwa hiyo hesabu za kikundi ziko LibreOffice, nami nikiulizwa najibu bila kutazama chini. Jambo jingine ni kuhama. Office iliyokuja ndani ya kompyuta kutoka kiwandani kwa kawaida inakufa na kompyuta hiyo. Ile uliyonunua mwenyewe unaweza kuihamisha, ukiiondoa kwenye ya zamani. Haki hiyo nusura ipotee: Office 2013 ilipotoka ilifungwa kwenye kompyuta moja tu ya kwanza, wateja wakapiga kelele, na Machi 2013 Microsoft ikaibadilisha.

Sasa Oktoba 2025. Tarehe 14 ya mwezi ule Windows 10, Office 2016 na Office 2019 vyote vilifikia mwisho wa kuhudumiwa siku moja. Office yangu haikuzima. Inafunguka mpaka leo, na hilo ndilo linalowafanya wengi waseme hakuna tatizo. Mimi ni mwalimu wa hisabati, kwa hiyo nitatumia mfano ninaoujua vizuri. Kwa miaka mingi milinganyo ndani ya Word tuliiandika kwa kijiprogramu kinachoitwa Equation Editor, ambacho faili lake lilikuwa limeundwa mwaka 2000. Mwaka 2017 ikabainika kina tundu ambalo lilikuwepo miaka 17: mtu anakutumia hati, unaifungua tu, na tayari yuko ndani ya kompyuta yako. Microsoft iliziba tundu hilo Novemba 2017, na Januari 2018 ikakiondoa kijiprogramu chenyewe. Kompyuta yetu ilikuwa bado na Office 2010, ambayo mwaka ule ilikuwa bado inapata marekebisho, ila fundi alikuwa ameyafunga ili kraki isigunduliwe. Kwa hiyo mwaka mzima na nusu baada ya tundu kutangazwa, sisi tulikuwa tunafungua mitihani ya watu nalo liko wazi.

(Kwa walimu wenzangu wa hisabati: milinganyo ya zamani ambayo Word mpya inaionyesha lakini haikuruhusu kuirekebisha, jaribuni kuifungua kwa LibreOffice. Mingi inageuzwa na inaandikika tena. Imeniokoa wiki nzima.)

Kompyuta ya 2014 haikuweza kwenda mbele. Windows 11 inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu, pamoja na kifaa cha usalama cha ndani kiitwacho TPM 2.0. Tukanunua mtumba mwingine wa kizazi cha 8, wenye Windows 11 yake halali. Office 2019 ningeweza kuihamishia humo, ila kuhamisha kitu kisichozibwa tena matundu sikuona maana. Zikabaki njia mbili za kulipia. Office Home 2024, wakati ule dola 149.99 mara moja, kompyuta moja, huduma mpaka Oktoba 2029. Au Microsoft 365, yaani Office ya kulipia kila mwaka, ambapo ya mtu mmoja ilikuwa dola 99.99 na ya familia ilikuwa dola 129.99 kwa watu hadi 6, kila mmoja na akaunti yake na hifadhi ya mtandaoni ya terabaiti 1. Terabaiti hiyo kwa bando letu ni ghala ambalo hatuna lori la kulijaza. Lakini dola 129.99 ukiigawa kwa sita ni karibu dola 22 kwa mwaka, nasi ndugu pamoja na yule kijana, ambaye sasa yuko chuoni, tunafika watano, na wifi wa sita. Kaka ndiye anayelipa kwa kadi, sisi tunamrushia kwa simu. Nimelikubali hilo kwa kazi yangu ya shule.

Kwa kazi ya Baba nimekataa. Malipo ya mwaka yakikatika, Word inakuruhusu kufungua na kuprinti, haikuruhusu kuandika. Kadi inaweza kukosa salio wiki ya ada za shule, kaka anaweza kuugua, chochote. Mzee wa miaka 74 anayeandika maisha yake asisimamishwe katikati ya sentensi kwa sababu ya salio la mtu mwingine. Kitabu chake kiko LibreOffice, kwa aina ya odt, ambayo ni kiwango cha kimataifa tangu 2006 na programu nyingi zinaisoma. Kila Jumapili ninakinakili kwenye flashi mbili. Moja naichomoa na kuiweka kabatini, kwa kuwa flashi iliyochomekwa nayo hufungwa na kirusi pamoja na kompyuta. Nyingine inapishana na mwenzake kwenda Tabora, pamoja na kurasa zilizoprintiwa, kwa basi.

Kijana ndiye aliyemfundisha babu yake kutumia LibreOffice, likizo baada ya likizo. Aliniuliza mara moja kama nimeshamsamehe. Nilimwambia hapakuwa na deni.

Zile kurasa 18 Baba amezipita zamani. Kitabu sasa kina kurasa 137, na amefika mwaka 1977, Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilipogawanywa. Jana jioni aliniita tena kutoka sebuleni, safari hii kwa sauti ya kawaida. Alitaka nimwonyeshe namna ya kuweka jedwali lenye safu tatu, Kenya, Uganda, Tanzania, na nafasi ya kutosha chini ya kila moja, kwa sababu anataka kuandika kwa majina wote aliofanya nao kazi, na nani alibaki upande gani.